Mguu wa klachi: diski ya mgongo ilipobana neva yangu

Dereva wa semi anayeshuka Tunduma bila mgongo kuuma, huyo alipanda basi. Kutoka Dar mpaka mpakani ni zaidi ya kilomita 900, na muda wote huo umekalia mtikisiko: mashimo, matuta, foleni ya mizani, kisha usiku unajikunja kwenye kitanda cha nyuma ya kiti chenye godoro lililokwisha. Kwa hiyo mgongo ulipoanza kunisumbua sikuupa uzito. Nilimeza vidonge, nikafunga mkanda wa kiunoni, safari ikaendelea.

Kilichonitia hofu ni mguu wa kushoto. Tulikuwa tunapandisha Kitonga na mzigo wa mbolea, magari ya mbele yanatambaa, klachi juu, klachi chini. Ghafla kitako cha kushoto kikavuta, maumivu yakateremka nyuma ya paja, yakapita kwenye kigimbi, yakaenda kukomea ukingo wa nje wa unyayo, kwenye kidole kidogo. Haikuwa misuli kuchoka. Ilikuwa shoti, inakuja na kukata, na nikikohoa inarudi na nguvu mpya. Tulipomaliza mlima nikaegesha, na kushuka tu kwenye kichwa cha gari ikawa shughuli. Utingo wangu akaniangalia ninavyochechemea, akasema, "Mzee, hiyo ngiri. Usicheze nayo."

Kwetu maradhi yoyote kati ya kitovu na goti yana majina mawili: ngiri au figo. Kabla sijarudi Dar nilishapata ushauri wa kutosha kufungulia duka. Mmoja alinipa mizizi ya kuchemsha. Mwingine akaniambia ninywe maji mengi nisafishe figo. Wa tatu akaninong'oneza kwamba mwanaume mgongo ukimwisha na nguvu za kiume zimekwisha, nitafute dawa mapema. Huyo wa tatu ndiye aliyeniharibia usingizi. Figo zinauma, kweli, lakini haziteremshi maumivu mpaka kidole kidogo cha mguu. Ukiweza kuonyesha kwa ncha ya kidole njia ambayo maumivu yanapita, kutoka kitakoni mpaka chini ya goti, hapo anza kufikiria neva inayotoka mgongoni.

Daktari aliyenipima hakuanza na mashine. Alinilaza chali, akaunyanyua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka, polepole. Haujafika nusu ya njia nikapiga kelele. Akanyanyua wa kulia, ukaenda juu bila taabu. Akagonga kwa kinyundo cha mpira pale nyuma ya kifundo, juu ya kisigino: mguu wa kulia ukaruka, wa kushoto ukatulia tuli. Kisha akanisimamisha, nishike ukuta, ninyanyuke kwa vidole, mguu mmoja baada ya mwingine. Wa kulia sawa. Wa kushoto, kisigino kiligoma kuondoka sakafuni. Nilijikaza mpaka jasho likanitoka, hakuna kitu.

"Baba, unafanya kazi gani?" akaniuliza. Nikamwambia. "Basi huu ndio mguu wako wa klachi, na neva inayoupa nguvu ya kukanyaga imebanwa pale chini kabisa ya kiuno."

Alishajua pa kuangalia kabla ya picha yoyote: kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa mpana unaofuata, mahali wanapopaandika L5-S1. Diski za kiunoni zinazoharibika kiasi cha kubana neva, nyingi mno ni hapo au ngazi moja juu yake, L4-L5. Na kila neva ina eneo lake. Ingekuwa ile ya juu yake, ganzi ingekaa juu ya unyayo kuelekea kidole gumba, na kazi ngumu ingekuwa kutembea kwa visigino. Yangu ilikuwa kidole kidogo na kusimama kwa vidole. Ramani hiyo nilitamani ningeonyeshwa na mtu miaka mingi nyuma, ingezima nusu ya mizizi niliyochemsha.

Aliniuliza pia maswali ambayo sikuona yanahusiana vipi na mgongo. Nina homa za jioni? Natoka jasho usiku mpaka shuka linalowa? Nimepungua kilo? Maumivu yananiamsha usiku hata nikiwa nimetulia? Mkojo unatoka kwa shida? Baadaye nikaelewa. Kwetu kifua kikuu kinashambulia pia pingili za mgongo, na mgonjwa anaweza kukandwa kwa miezi huku mfupa unaliwa. Na kwa wanaume waliokwisha kuvuka miaka 50, saratani ya tezi dume ina tabia ya kuhamia kwenye mifupa ya mgongo. Mazoezi ya diski hayamsaidii mtu wa namna hiyo, yanampotezea muda.

Halafu ikaja picha. MRI nilipigwa kwenye kituo ambacho sitakitaja, na aliyenikabidhi bahasha akaichungulia karatasi, akatikisa kichwa: "Mzee, mgongo umekwisha huu. Tafuta kazi nyingine." Nikaisoma karatasi kwenye bajaji. Diski ya L5-S1 imetoka na kubana neva ya kushoto, hiyo niliitegemea. Lakini chini yake kulikuwa na orodha: diski ya juu yake imevimba, nyingine imekauka, maungio yamelika. Nilifika nyumbani nimeshazeeka. Nikakataa kumbeba mtoto, nikakataa hata kuinama kufunga kamba za viatu, nikawa natembea nimekakamaa mpaka misuli ya kiuno yenyewe ikaanza kuuma kwa kukazwa.

Daktari aliporudi kunieleza, alinichorea. Mgongo una diski 23, kila moja imekaa kati ya pingili mbili, nje ni tabaka za nyuzi ngumu, ndani ni uteute mzito wenye maji mengi. Mimi madereva wenzangu huwaeleza kwa tairi: nyuzi za pembeni zikikatika, tairi linatoa nundu. Halijahama kwenye rimu. Na diski hivyo hivyo, haijahama mahali pake, imetoa nundu au imepasuka upande mmoja na uteute umechuruzika nyuma, na kwa bahati mbaya nyuma ndiko neva zinakopita. Tena uteute ule, hata usipobana sana, unaichokoza neva kwa kemikali zake mpaka inavimba. Ndiyo maana maumivu ya mguu yanaweza kuwa makali kuliko ya mgongo wenyewe.

Tofauti na tairi ni kwamba nundu hii mwili unaweza kuipunguza. Kilichotoka nje ya diski mwili unakiona ni kitu kigeni, chembe za kinga zinakila, maji yanakauka, kinanywea. Na jambo lililonishangaza: vipande vikubwa vilivyokatika kabisa ndivyo mara nyingi vinavyonywea zaidi kuliko uvimbe mdogo. Watu wengi wanapata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 mpaka 12 bila kisu.

Kuhusu ile orodha ya kutisha, aliniambia kitu ambacho baadaye nilikisoma mwenyewe. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye umri wa miaka 20, asilimia 30 tayari walikuwa na diski zilizovimba. Wenye miaka 80, asilimia 84. Wazima hao, wanaofanya shughuli zao. Kwa hiyo picha bila mguu haisemi kitu; ni mvi za ndani. Picha yangu ilikuwa na maana pale tu ilipokubaliana na kisigino kilichogoma. Mengine yote kwenye karatasi ile nilipaswa kuambiwa kwa sauti ya kawaida, na mtu anayejua anachokisema. Bado nina hasira na yule wa bahasha. Maneno yake yalinilaza kitandani kuliko diski.

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya, nisidanganye mtu. Kukaa ndiko kulikonitesa kuliko vyote, kwa sababu ukikaa, hasa ukijikunja mbele, diski inabanwa kuliko ukisimama. Niliyeishi kwa kukaa nikawa nakula chakula nimesimama, sahani juu ya kabati. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa kwenyewe sikuweza, wala kunyanyuka nikishachuchumaa. Mke wangu akamwita fundi, akakata tundu kwenye kiti cha plastiki, akalipiga msasa kingo zake, kikawekwa juu ya shimo. Kilichekwa na mtaa mzima, na hakuna kifaa cha hospitali kilichonisaidia kama kile. Halafu vidonge vikali vya maumivu vinafunga choo, na kujikamua kunaleta ile shoti mpaka machozi. Papai na maji vikawa dawa kama dawa nyingine.

Kulala nilijifunza kulalia ubavu na mto katikati ya magoti. Kunyanyuka kitandani: unajigeuza ubavu kwanza, unashusha miguu, unajisukuma kwa mikono. Kupiga chafya: unasimama wima, unashika ukuta. Mambo madogo ambayo hakuna anayeyaandika kwenye cheti.

Swala nayo ilikuwa mtihani. Nilianza kusali kwenye kiti, na maumivu yalipopungua nikarudi chini kwa swala zote isipokuwa alfajiri. Si uvivu. Usiku ukilala, diski zinanyonya maji na kujaa, ndiyo maana binadamu anaamka mrefu kwa zaidi ya sentimita moja kuliko alivyolala. Diski iliyojaa maji haipendi kukunjwa. Saa ya kwanza ya asubuhi ndiyo saa ya kujihadhari na kuinama, na sijda ya alfajiri inaangukia hapo hapo. Mpaka leo saa hiyo siinami kuokota kitu, natembea kwanza uani.

Baba mkwe alimleta mkandaji, mzee wa heshima zake, na mafuta ya nyonyo. Kunikanda nilimkubalia, misuli ililegea na usiku ule nililala. Alipomwita mjukuu wake anipande mgongoni airudishe pingili, nikamwambia, "Mzee wangu, hapo tuishie." Alinuna, lakini tuliishia hapo. Mkono unatuliza misuli, hilo nimeliona mwenyewe. Uteute uliochuruzika ndani ya mfereji wa mifupa haurudishwi kwa kiganja cha mtu wala kwa unyayo wa mtoto.

Dawa nazo zina habari yake. Duka la dawa mtaani kwetu liko tayari kukudunga diklofenaki kila jioni ukitaka, na inatuliza kweli. Lakini inachokonoa tumbo, inaumiza figo, inapandisha presha, na mimi nina presha. Daktari alinipa kwa siku chache na kidonge cha kulinda tumbo, basi. Mwenzangu mmoja alikuwa anatumia pregabalini, inayoandikwa sana kwa ajili ya neva. Utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2017 uliwapa nusu ya wagonjwa wa maumivu ya mguu ya namna hii pregabalini na nusu kidonge kisicho na dawa. Nafuu ikawa ileile, ila wa pregabalini walipata kizunguzungu zaidi. Kizunguzungu na mteremko wa Kitonga havikai pamoja.

Aliyenitoa pale nilipokuwa ni binti wa mazoezi tiba, mdogo kwa binti yangu wa kwanza, anayeniita baba huku ananiamrisha kama koplo. Siku ya kwanza alinilaza kifudifudi tu, mikono pembeni, akaenda kumhudumia mtu mwingine. Aliporudi akaniambia niegemee viwiko, kifua kinyanyuke, kiuno kibaki kitandani. Kila mara swali lilikuwa lile lile: "Baba, sasa hivi yanauma wapi?" Hakuuliza yanauma kiasi gani. Wapi. Na nikaanza kuona: yalikuwa kwenye kidole, yakapanda kigimbini, siku nyingine yakaishia pajani, huku kiuno chenyewe kikiuma zaidi kuliko mwanzo. Nililalamika kwamba mgongo umezidi. Yeye akafurahi. Maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, hata kiuno kikiuma zaidi, neva inaachiwa. Yakiteremka kwenda mguuni, hata yakiwa madogo, zoezi hilo acha.

Alinisimulia kwamba njia hii ilianza kwa bahati huko Wellington, New Zealand, mwaka 1956. Robin McKenzie, mtaalamu wa mazoezi tiba, alimwambia mgonjwa wake aliyekuwa na maumivu ya mguu akalale kifudifudi amsubiri, bila kujua kwamba kitanda kilikuwa kimenyanyuliwa upande wa kichwani. Aliporudi, mgonjwa amepinda mgongo kinyumenyume, na anasema hajawahi kujisikia vizuri hivyo kwa wiki kadhaa. Si kila mgongo unapenda kupindwa nyuma, binti alinionya, kuna wanaozidiwa. Ndiyo maana ya lile swali la wapi.

Pamoja na hayo, kutembea. Si kulala. Wazee wetu walilazwa mwezi mzima juu ya ubao kwa ugonjwa huu, na sasa inajulikana kwamba kulala zaidi ya siku moja mbili kunadhoofisha tu. Nilianza kwa kwenda mpaka msikitini na kurudi, nikaongeza mpaka sokoni, polepole, na nikichoka nasimama nanyoosha mgongo pale pale njiani, watu watazame wanavyotaka.

Upasuaji ulizungumzwa. Daktari alisema wazi: nguvu ya mguu ikizidi kupungua, au wiki zikipita bila nafuu, atanipa rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Nilimuuliza kwa nini tusipasue mapema tumalize. Akanipa habari ya Uholanzi: mwaka 2007 walichapisha utafiti wa wagonjwa kama mimi, wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakaambiwa wasubiri na watibiwe kwa dawa na mazoezi. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi. Baada ya mwaka, pande zote mbili asilimia 95 walisema wamepona. Na katika waliosubiri, karibu 4 kati ya 10 walifika mahali wakapasuliwa vilevile. Kwa hiyo kupasuliwa si kushindwa, na kusubiri si uzembe. Mimi kisigino kilianza kunyanyuka kidogo, nikachagua kusubiri. Angekuwa mtu ambaye maumivu hayampi hata usingizi, au mguu unazidi kulegea, nisingembishia akichagua kisu.

Kuna jambo moja tu ambalo halisubiri, na hapa naomba msomaji atulie. Diski ikitoka kubwa katikati, inaweza kubana fungu zima la neva zinazoshuka chini. Dalili zake ni mkojo kugoma kutoka ilhali kibofu kimejaa, au kutoka wenyewe bila habari. Haja kubwa kuponyoka. Ganzi sehemu za siri na pale pote unapokalia tandiko la baiskeli. Miguu yote miwili kulegea. Hiyo ni ya kwenda hospitali kubwa usiku huo huo, kwa sababu neva zile zikibanwa muda mrefu hazirudi. Kuna dereva ninayemfahamu, dalili zilimkuta kwenye foleni ya Nakonde, ng'ambo ya Tunduma upande wa Zambia, akaona avumilie mpaka gari livuke. Alipasuliwa, anatembea, lakini mkojo wake mpaka leo ni wa mpira.

Nilirudi barabarani, na bosi alilalamika, na nilirudi hivyo hivyo kwa masharti yangu. Pochi haikai mfuko wa nyuma. Kiti nimekisogeza mbele ili klachi niikanyage bila kuunyoosha mguu wote, na taulo lililoviringishwa liko kiunoni. Kichwa cha gari nashuka nikiwa nimekigeuzia uso, ngazi kwa ngazi. Ile ya kuruka nimewaachia vijana. Kila baada ya saa mbili hivi nasimama, nazunguka gari kana kwamba nakagua tairi, kumbe nakagua mgongo. Tairi la semi na rimu yake ni karibu kilo 100, halinyanyuliwi na mtu mmoja. Linabiringishwa, linapandishwa kwa mtaimbo. Turubai lililolowa tunakunja wawili. Sigara nimeacha, kwa shida, baada ya kuambiwa kwamba inazinyima diski chakula.

Ugonjwa ulinirudia mara moja wakati wa masika, baada ya kukwama kwenye tope na kusukuma ambacho hakikustahili kusukumwa. Safari hii sikuchemsha mizizi wala kutafuta MRI nyingine. Nililala kifudifudi kwenye turubai kando ya gari, nikajiuliza yako wapi, yalikuwa kitakoni hayajavuka goti, nikajua la kufanya. Nguvu ya kusimama kwa vidole imerudi yote. Kidole kidogo bado kina ganzi, na kinyundo cha daktari kikigonga nyuma ya kifundo mguu ule hauruki. Ameniambia unaweza usiruke tena na nikaishi vizuri tu.

Sasa vijana wa njia kuu wananipigia simu mimi badala ya waganga. Nawauliza yanauma mpaka wapi, yamevuka goti au hayajavuka. Nawaambia washike bodi la gari wasimame kwa vidole, kisha kwa visigino, waniambie upande gani umegoma. Nauliza homa, nauliza jasho la usiku. La mwisho nauliza mkojo, na wengi wanacheka. Aliyeniambia haujatoka tangu jana jioni, sikumalizia maelezo. Nilikata simu mwenyewe ili apate kumpigia mtu wa kumpeleka hospitali.